Tupeane uzoefu: kuigiza kwa maandishi mtandaoni kulivyotusaidia wenye aibu

Kalamu Nyeusi (mleta mada)

Habari zenu wakuu.

Nimesoma nyuzi nyingi za watu wanaoteswa na aibu. Mtu ana swali darasani lakini mkono haunyanyuki. Mwingine anaiangalia simu inaita mpaka inakata. Mwingine anakaa kwenye kikao mwanzo hadi mwisho bila kufungua mdomo, kisha anarudi nyumbani anajibu hoja zote kichwani. Ushauri wanaopewa karibu wote ni ule ule: "jiamini tu". Mtu asiyejiamini ukimwambia ajiamini hujampa kitu cha kushika. Mimi kilichonipa cha kushika ni kuigiza kwa maandishi, na nimeona kinazungumzwa kidogo mno.

Kwa asiyejua: mnakutana watu kadhaa mtandaoni, kila mmoja anabuni mhusika wake, halafu mnaandika hadithi moja kwa zamu. Naandika anachosema na anachotenda mhusika wangu, nawe unajibu kupitia wako, hadithi inasonga. Hakuna kamera wala sauti. Makundi mengine yana msimulizi anayeongoza, mengine ni watu wawili tu wanaopokezana.

Nilipojiunga nilikuwa mtu ambaye akitoa wazo kwenye kundi, dakika chache baadaye mwingine analirudia kwa sauti kubwa na linakuwa lake. Nikapewa mhusika: mwanamke anayeshika funguo za maktaba ya mji uliozingirwa na adui. Nikaandika mistari miwili, nikafunga kompyuta nikalala. Niliporudi nikakuta wahusika wote wa wenzangu wamejazana mlangoni pa maktaba, na mwenzangu mmoja ameandika nje ya uhusika, yaani kama yeye mwenyewe na si kama mhusika wake: "Tunamsubiri mwenye funguo. Bila yeye hatuingii."

Mtu mwongeaji huenda asielewe sentensi hiyo inavyomwingia mwenye haya. Sisi huwa hatusubiriwi. Mazungumzo yanatupita tukiwa bado tunapanga neno la kwanza, na hatumlaumu mtu, tumeshazoea. Kwenye hadithi ya zamu hakuna njia ya kukuruka. Ukinyamaza, mlango haufunguki, na wenzako wanakaa hapo hapo mpaka uandike.

Wengi hudhani kinachosaidia ni kinyago, yaani kujificha nyuma ya jina la kubuni. Kinyago kinasaidia kuanza, sikatai. Lakini kwa upande wangu kilichonijenga ni kule kusubiriwa. Ukishasubiriwa mara nyingi, unaanza kuamini kwamba neno lako lina nafasi, na ukifika kwenye kikao cha kweli unaingia ukiitafuta hiyo nafasi.

Karibuni mtiririke. Ningependa hasa kujua: kitu gani kilitoka kwenye hadithi kikaingia kwenye maisha yako? Na kama hakikutoka, sema pia.

Baharia wa Zamani

Shukrani mleta mada. Nimeweka kambi hapa.

Kwanza niwakumbushe vijana kwamba jambo hili si la juzi. Mwaka 1978, Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza, alianza kuandika programu iliyoitwa MUD, kisha Richard Bartle akaiendeleza. Ulikuwa ulimwengu wa maneno matupu. Unaandika amri, kompyuta inakueleza chumba ulichoingia kikoje na nani mwingine yumo humo, mnaanza kuongea. Bartle amewahi kueleza kwamba walitaka mahali ambapo mtu hafungwi na tabaka alilozaliwa nalo. Miaka kumi baadaye Jarkko Oikarinen wa Finland akatengeneza IRC, mfumo wa kuandikiana papo hapo mtandaoni kwenye vyumba vya mazungumzo, na watu wakageuza vile vyumba vya mazungumzo kuwa jukwaa la kuigizia. Kwa hiyo tangu awali hapa ni mahali pa mtu wa maneno. Mwenye sauti ndogo hakupungukiwa kitu.

Sasa yangu. Ugonjwa wangu ulikuwa kushindwa kukataa. Mtu akiniomba kitu, hata kama kinaniumiza, jibu langu ni "sawa". Kwenye kundi letu nikamwandika mlinzi wa lango la bandari, na kazi yake kubwa ni kuwazuia watu. Siku moja kundi la wahusika likaja kuniomba nifungue lango usiku. Nikaandika jibu lenye "samahani sana" na "labda". Nikalisoma, nikalifuta, kwa sababu yule mlinzi haongei hivyo. Nikaandika jingine, bado likawa na samahani ndani yake. Mwishowe likatoka hili:

"Naijua njaa yenu, na hoja yenu nimeisikia," mlinzi akasema, mkono bado uko kwenye komeo. "Jibu langu ni hapana. Rudini asubuhi na barua ya gavana."

Wakakasirika, kihadithi. Wakamtukana mlinzi. Na mimi nikabaki nimekaa naangalia skrini nikigundua kwamba mtu anaweza kukukasirikia na dunia isianguke. Kesho yake waliokasirika walikuwa wale wale wanaonitania nje ya uhusika.

Kazini nilikuwa na mwenzangu aliyezoea kunisukumia zamu zake za mwisho wa wiki. Alipokuja tena nikamwambia: "Nimekusikia. Jibu langu ni hapana." Sauti ilitetemeka, mikono nayo ilitetemeka. Ila maneno yalitoka kwa mpangilio wake, maana nilishayaandika na kuyafuta mpaka yakanizoea. Akaenda kumtafuta mtu mwingine.

Tulivu

Mimi ni simu. Nilikuwa siwezi kupiga simu ofisi yoyote.

Sasa naifanya kama zamu. Najiuliza, mhusika wangu angeingiaje kwenye tukio hili? Naandika sentensi ya kwanza tu kwenye karatasi: mimi ni nani, nataka nini. Nikishaisema hiyo, mwenye zamu ni yule wa upande wa pili, na mimi nina muda wa kupumua. Bado siipendi simu, lakini napiga.

Mpishi wa Meli

Jina langu la humu limetokana na mhusika wangu, mtaelewa.

Nina kigugumizi tangu utotoni. Niseme mapema kabisa: kuigiza hakukuniondolea kigugumizi, na sitaki mtu asome hapa akadhani ni dawa yake. Kilichobadilika ni kitu kingine.

Sikuwahi kujua kwamba mimi ni mcheshi. Utani unataka kutua kwa wakati wake, na huo wakati ndio kigugumizi kinachoninyang'anya. Nikianza kusema jambo la kuchekesha, hadi nifike mwisho watu wameshanionea huruma, hawacheki tena. Kwenye maandishi nikampata mpishi wa meli, mzee mwenye maneno, anayemjibu kila mtu papo hapo, hata nahodha. Nikaanza kuona wenzangu wanaandika nje ya uhusika kwamba wamecheka mpaka wameamsha waliolala. Nilisoma ujumbe wa namna hiyo nikaurudia tena na tena. Kumbe vichekesho vilikuwemo humu ndani muda wote, njia ya kutokea ndiyo ilikuwa imeziba.

Baadaye kundi likaamua tuongee kwa sauti siku moja. Nilikaribia kujitoa. Nikawaandikia kabla: "Nina kigugumizi. Nikikwama msinimalizie sentensi, nitafika." Siku yenyewe nikakwama kwenye neno la kwanza kabisa, na kukawa kimya. Hakuna aliyenimalizia. Mleta mada umesema habari ya kusubiriwa, nikakumbuka hilo. Watu hawa walikuwa wameshazoea kusubiri zamu yangu, kwa hiyo walinisubiri kama kawaida yao. Nikamaliza, wakacheka palepale nilipotaka wacheke.

Siku hizi sentensi ile ile naitumia kwa watu wapya ninaokutana nao ana kwa ana. Wengi wanaiheshimu.

Dada Mkubwa

Naomba nilete upande wa pili, bila nia ya kumkatisha mtu tamaa.

Mimi siigizi, ila mdogo wangu anaigiza, na nimemwona kwa miaka. Kwenye hadithi alikuwa jemadari anayeongoza majeshi, watu wanasubiri amri yake. Akizima kompyuta, hata mgeni akiingia nyumbani anajifungia chumbani. Nilikuwa nikisubiri huo ujasiri utoke nje, hautoki. Kadiri jemadari alivyozidi kuwa shujaa, ndivyo mdogo wangu alivyozidi kuona maisha ya kawaida hayana thamani, kwa sababu huko alikuwa mkubwa na huku ni mtu wa kukaa kona. Kwa hiyo ninaposoma kwamba kusubiriwa kunatosha, nasita. Yeye alisubiriwa sana.

Kilichombadilisha nilikiona kwa macho yangu. Kundi lao lilipata wanachama wapya, na kiongozi akamwomba awafundishe taratibu. Hiyo haikuwa kazi ya jemadari, ilikuwa kazi yake yeye. Akawa anaandika maelezo marefu nje ya uhusika, anajibu maswali, anamtuliza mtu aliyeona ameharibu. Baada ya muda akaanza kuwaeleza kwa sauti. Nikamsikia ukutani akisema, "Usiwe na haraka, hata mimi nilianza hivyo hivyo." Sikuwahi kumsikia akimwambia mtu maneno ya namna hiyo. Chuoni akakubali kuongoza kikundi cha kujisomea, jambo ambalo mwaka uliotangulia asingelisikiliza hata pendekezo lake.

Kalamu Nyeusi (mleta mada)

Dada Mkubwa, umenifanya nifikiri upya na nakushukuru. Nikirudi nyuma, na mimi nilianza kubadilika pale nilipoanza kuzungumza na wenzangu nje ya uhusika: kupanga hadithi iende wapi, kutofautiana nao juu ya mwisho wa sura. Mwenye funguo alinifungulia mlango, lakini nisingeingia mwenyewe ningebaki pale pale. Wote wawili wanatakiwa wasubiriwe, mhusika na mwandishi wake.

Mshauri

Ninafanya kazi ya ushauri nasaha, nimevutiwa na mlipofika.

Mnachokieleza kina ndugu yake kwenye taaluma yetu. Mwaka 1955 mwanasaikolojia wa Marekani George Kelly alieleza tiba ambayo mteja kwanza anaandika maelezo kuhusu yeye mwenyewe, kana kwamba rafiki anayemfahamu vizuri ndiye anayemwelezea. Kisha mtaalamu anamwandikia mtu mwingine wa kubuni, mwenye jina jingine na tabia zake mwenyewe. Huyo wa kubuni hatengenezwi kuwa kinyume cha mteja. Mwoga haandikiwi simba. Anaandikiwa mtu mwenye mtazamo tofauti kidogo, mathalani mtu anayependa kujua wengine wanafikiri nini. Kwa muda mfupi, kama wiki mbili hivi, mteja anaishi kwa uhusika huo kazini, nyumbani na kwa marafiki, huku akikutana na mtaalamu kujadili kilichotokea. Mwisho anauvua. Lengo si abaki kuwa yule mtu, bali agundue kwamba namna yake ya kuishi aliyodhani imeandikwa kwenye jiwe ni namna moja tu kati ya nyingi.

Ona tofauti na yule jemadari. Uhusika wa Kelly ulikuwa unavaliwa mchana, mbele ya watu halisi, na ulikuwa mdogo kiasi cha mtu kuumudu. Jemadari alikuwa mkubwa mno, hakuwa na la kufanya sebuleni. Mlinzi wa Baharia alikuwa na sentensi moja ambayo mtu anaweza kwenda nayo kazini.

Kuhusu "jiamini tu": mwanasaikolojia mwingine, Albert Bandura, aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake inatoka zaidi kwenye mambo aliyokwisha kuyafanya akafaulu, kuliko kwenye maneno ya kutiwa moyo. Ndiyo maana sentensi uliyoiandika na kuifuta na kuiandika tena ina nguvu kuliko kuhimizwa. Ni jambo ulilolifanya.

Tahadhari moja. Hofu hulishwa na kukwepa. Kama kuigiza kunakuongezea watu na mambo unayoweza kuyakabili, endelea. Kama kumekuwa mahali pa kukimbilia kila mwaliko wa nje unapokuja, basi kunailisha hofu ile ile. Na kama woga wa watu umekufanya uache masomo au kazi, au unakutesa kwa miezi bila kupungua, hiyo inaweza kuwa zaidi ya aibu. Muone mtaalamu. Kuna tiba, na nyingi zinafuata njia hiyo hiyo ya hatua ndogo ndogo.

Msimulizi

Mimi huendesha makundi, kwa hiyo nizungumze na wasimulizi wenzangu, maana mwenye haya anaweza kujengwa au kuvunjwa na sisi.

Usimpe ufalme. Kila mtu hudhani ukimpa mtu mwenye haya nafasi kubwa unamsaidia. Mfalme lazima aamue mbele ya wote, na mtu anaganda. Mpe kitu kimoja ambacho hakuna mwingine anacho: barua ambayo yeye tu amesoma, ramani yenye njia ya siri, ufunguo kama wa mleta mada. Asiposema, hatujui. Akisema, hata kwa mstari mmoja, kila kitu kinabadilika, na anaona mwenyewe kwamba mstari wake ndio uliobadilisha.

Halafu simamia sana sheria ya kutomwendesha mhusika wa mwenzako. Huruhusiwi kuandika "nilimpiga akaanguka". Unaandika kwamba ulirusha ngumi, na yeye ndiye anayesema kama ilimpata. Waongeaji huiona sheria hii kama usumbufu. Kwa mtu ambaye maisha yake yote wengine wamemsemea, ni mara ya kwanza kuona watu wanarusha ngumi halafu wanasimama kumuuliza imefika wapi.

Na ukimsifu, sifia kitu mahususi. "Umeandika vizuri" anaipokea kama adabu tu. Mwambie, "Pale mhusika wako alipozima taa kabla ya kujibu, niliogopa." Hiyo hawezi kuikataa.

Mama wa Watatu

Naongeza la usalama tu. Wenye haya wanapopata mtu anayewasikiliza hufunguka haraka, na wapo wanaolijua hilo na kulitumia. Jina halisi, namba ya simu, shule, unapoishi, picha: visitoke. Mtu akikuhamisha kwenye ujumbe wa faragha mapema mno, au akaanza kuipeleka hadithi kwenye mapenzi na wewe hutaki, unaruhusiwa kuondoka bila kueleza. Watoto wawe kwenye makundi ya umri wao, yenye wasimamizi wanaoonekana. Mwanangu anajua kwamba akitaka kukatisha tukio anaandika "simama" nje ya uhusika na kundi lote linasimama. Alijifunza huko, sasa analisema hata kwenye michezo na wenzake.

Mgeni Kidogo

Nimesoma uzi wote kimya kimya kama kawaida yangu. Nataka kujaribu. Maswali mawili. Lugha yangu ya kuandika si ya kitabu, nitachekwa? Na kinachoniogopesha zaidi: nikiandika zamu yangu halafu asijibu mtu?

Baharia wa Zamani

Karibu sana mdogo wangu. Kwenye lugha ondoa shaka. Mhusika wako akiongea unavyoongea wewe ndiyo anakuwa mtu. Kundi linalocheka uandishi wa mtu si la kukaa.

Msimulizi

Mgeni, hofu ya kutojibiwa karibu sote tunayo, kwa hiyo nikupe utaratibu. Anza na mtu mmoja au kundi dogo, si kundi la watu wengi ambapo zamu zinapita mbio. Soma kidogo kabla ya kuingia ili ujue wenzako wanaandika kwa urefu gani, kisha andika urefu kama wao au pungufu. Maliza zamu yako na kitu ambacho mwenzako anaweza kukishika: swali, mlango unaogongwa, mtu anayenyoosha mkono. Zamu inayoishia na mhusika amekaa anawaza peke yake haina pa kushikwa, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya kimya.

Ukitulia siku moja mbili na bado kimya, andika nje ya uhusika: "Zamu yangu imeeleweka, au nibadilishe?" Mara nyingi utakuta mtu alikuwa na shughuli zake. Kama kundi linakuruka kila mara hata baada ya kuuliza, hama, makundi yapo mengi. Na ukitaka mtu wa kuanza naye, mimi nina nafasi kwenye hadithi mpya. Nahitaji mbeba barua.